Koili ya sabufa: joto linaenda wapi?

Hotuba kwa mafundi wa muziki wa magari, Mombasa. Imewekwa yote kwa ajili ya wasiofika. Michoro ya ukutani imeachwa.

Mafundi, wauzaji wa spika, wenye matatu na tuktuk, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, hamjambo? Mlioko nyuma mnanisikia? Haya.

Tazameni hiki nilichoshika. Ni kijisilinda chepesi, upana wake inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5, kimezungushiwa waya tabaka nne. Katikati waya bado una rangi ya asali. Ncha zote mbili ni nyeusi kama sufuria ya kuni na vanishi, ile ngozi ya kuzuia umeme juu ya waya, imetoa mapovu. Ukikileta puani, ni ile harufu ambayo kila mtu humu ndani anaijua na hakuna anayetaka kuisikia gari likiwa bado karakana. Hii ndiyo koili.

Mteja akija dukani anauliza nini? Anauliza ukubwa wa sumaku. Anauliza wati. Anabonyeza koni kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kama daktari. Nani anauliza koili imetengenezwa kwa nini? Waya gani? Kile kijisilinda, ambacho tunakiita foma, ni cha nini? Gundi gani imeshika vyote viwili? Hakuna. Na bado kwa fundi anayepokea sabufa zilizokufa, mara nyingi kilichokufa ni hicho hicho kisichoulizwa.

Wazee wa pwani hii walisema usione vyaelea, vimeundwa. Koili inaelea. Imekaa ndani ya mwanya wa sumaku, ndani yake ipo nguzo ya chuma, nje yake ipo sahani ya chuma, na haigusi hata moja. Kila upande nafasi ni ya sehemu ya milimita tu. Wazo hili ni la zamani: Peter Jensen na Edwin Pridham walilifanyia kazi kule Napa, California, wakalionyesha hadharani mwaka 1915, na mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric wakachapisha muundo ambao spika za leo zimeurithi. Miaka mia moja imepita na umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni vifaa, na vifaa ndivyo vilivyotuleta hapa leo.

Jambo la kwanza, na naomba mlishike kabla ya mengine yote: koili ni pasi. Kabla haijawa kifaa cha muziki, ni pasi.

Mnaona nachekesha? Tupige hesabu. Sabufa inayotoa desibeli 88 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja, hugeuza takriban asilimia 0.4 ya umeme kuwa sauti. Mpe wati 500. Sauti ni wati mbili. Wati 498 zimekwenda wapi? Zimekuwa joto, ndani ya waya ambao uzito wake haufiki gramu mia moja. Pasi ya nyumbani ya wati 1,000 ina bamba zito la chuma la kusambaza moto, tena ina kikata umeme kinachoizima ikizidi. Koili haina bamba wala kikata umeme.

Chukueni koili ya kawaida ya sabufa ya inchi 12: upana milimita 63.5, waya wa shaba wa milimita 0.50, tabaka nne, ukinzani omu 3.4. Waya huo ukiukunjua unakaribia mita 39, na shaba yake ni gramu 68. Ili gramu 68 za shaba zipande digrii moja zinahitaji jouli 26 tu. Ukiingiza wati 500 na joto lisipate pa kwenda, koili inapanda digrii 19 kila sekunde. Kutoka digrii 35 za mchana wa Mombasa hadi 225 ni sekunde 10. Sekunde kumi! Kinachoiokoa ni njia ya kutokea tu: joto linavuka hewa nyembamba kwenda kwenye chuma cha sumaku, lingine linapanda kwenye foma, lingine linafukuzwa na upepo koni inapopiga mbele na nyuma.

Sasa piga picha ya Probox iko kwenye foleni ya feri ya Likoni, saa nane mchana. Jua linapiga kioo cha nyuma. Injini inanguruma polepole na jenereta ya gari inatoa umeme kiduchu. Sabufa ya inchi 12 ndani ya boksi lililofungwa inapiga tangu Ukunda. Mwenye gari anahisi besi imepungua. Anafanya nini? Anaongeza. Dakika tano baadaye imepungua tena. Anaongeza tena. Kwa nini inapungua? Kwa sababu ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya joto, na alumini vivyo hivyo. Koili ikipanda digrii 200, omu 3.4 zinakuwa omu 6. Amplifaya ile ile, volti zile zile, lakini nguvu inayoingia inashuka hadi asilimia 56, na desibeli mbili na nusu zimepotea. Mwenye gari akiongeza sauti ili kuzirudisha, anaongeza moto juu ya moto. Mbaya zaidi, koili hupata joto kwa sekunde lakini sumaku hupata joto kwa dakika nyingi, hata saa nzima. Kule Ukunda sumaku ilikuwa baridi, ikilipokea joto la koili kama mwenyeji mwema. Likoni sumaku yenyewe ni moto. Joto litaenda wapi?

Hapo hapo niwape kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kabla ya kazi, pima ukinzani wa koili kwa mita ikiwa baridi. Gusisha kwanza nyaya za mita zenyewe, uone zinasoma ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, uitoe. Tuseme umepata 3.4. Piga muziki nusu saa kama mteja anavyopiga. Zima, chomoa waya wa spika, pima ndani ya sekunde mbili tatu kwa sababu waya hupoa haraka. Umepata 5.0? Gawa 5.0 kwa 3.4 unapata 1.47. Ile 0.47 igawe kwa 0.0039: ni digrii 120 juu ya joto uliloanzia. Kama ulianza na 30, koili iko karibu digrii 150. Sasa unajua unazungumza na mteja juu ya nini. Huna haja ya kunusa.

Jambo la pili ni waya. Hapa ndipo maneno mengi ya dukani yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Waya wa koili ni wa shaba, au alumini, au alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 61 ya shaba. Kwa hiyo ukitaka ukinzani ule ule kwa urefu ule ule, waya wa alumini lazima uwe mnene zaidi, eneo lake la mkato mara 1.64. Koili yetu ya shaba ya milimita 0.50 ikigeuzwa alumini inataka waya wa milimita 0.64. Lakini alumini ni nyepesi mno: zile gramu 68 zinakuwa gramu 34. Nusu kamili.

Nani amesikia kwamba shaba ni bora kwa besi kwa sababu ni nzito, inameza joto zaidi? Mikono juu. Wengi. Hesabu inawakataa. Gramu moja ya alumini humeza joto zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya shaba. Zile gramu 34 za alumini zinahitaji jouli 30 kupanda digrii moja; zile 68 za shaba zinahitaji 26. Kwa ukinzani sawa, alumini ndiyo inayomeza zaidi, ingawa kidogo. Basi mbona sabufa nyingi kubwa ni za shaba? Ni kwa sababu ya nafasi. Waya wa shaba ni mwembamba, tabaka nne zake ni nyembamba, mwanya wa sumaku unaweza kubanwa, na mwanya ukibanwa sumaku inakuwa na nguvu zaidi pale inapohitajika. Tena koni ya sabufa nzima na vyote vinavyotembea nayo inaweza kuwa gramu 160 au 250. Ukiokoa gramu 34 hapo, si kitu cha kukukosesha usingizi. Kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Lakini si kitu pia cha kudharau. Ukibadilisha koili ya alumini kwa ya shaba kwenye sabufa yenye gramu 160, umeongeza gramu 34: mtetemo wake wa asili unashuka kutoka hezi 35 hadi karibu 32, na unapoteza kama desibeli 1.7. Boksi lililotengenezwa kwa sabufa ya kwanza si boksi lake tena. Ukifanya kinyume, ukaondoa shaba ukaweka alumini yenye ukinzani ule ule, tabaka nne zinaongezeka unene karibu nusu milimita kila upande. Mwanya uliokuwa na nafasi ya milimita 0.4 sasa hauna nafasi. Inakwaruza siku ya kwanza. Fundi analaumu spaida, ule mduara wa kitambaa unaoishika koili katikati, anakata spaida, anabandika upya, bado inakwaruza. Hakuna kosa la spaida hapo.

Kuna kisa cha kweli kuhusu alumini ambacho kila fundi wa koili anapaswa kukijua, na hakihusu spika. Nchini Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shaba ilipanda bei, wajenzi wakatandaza nyaya za alumini majumbani. Baadaye tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilieleza kwamba nyumba zilizowekewa alumini kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na maungio yaliyofikia hali ya kuweza kuwasha moto, kuliko nyumba za shaba. Sikilizeni neno hilo: maungio. Waya wenyewe katikati ya ukuta ulikuwa mzima. Ugonjwa ulikuwa pale alumini inapokutana na skrubu. Alumini ikiguswa na hewa huvaa utando mgumu usiopitisha umeme vizuri, tena hulegea ikibanwa na kupata joto mara kwa mara.

Koili ya alumini ina maungio mangapi? Mawili, moja kwa kila ncha ya waya. Na yako wapi? Juu ya foma, mahali panapotikisika mara hamsini kwa sekunde moja. Lehemu ya kawaida haishiki kwenye alumini. Itakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, utadhani imeshika, kisha wiki ya pili spika inakatakata sauti. Ndiyo sababu ikaja alumini iliyovikwa shaba: wepesi wa alumini, lehemu inashika kwenye ngozi ya shaba. Ila ngozi yenyewe ni nyembamba kiasi gani? Waya wa milimita 0.64 wenye shaba asilimia 10 ya ujazo una ngozi ya milimita 0.016. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hivyo mara kadhaa. Fundi anachukua wembe, anakwangua vanishi kwa nguvu kama anavyokwangua waya wa mota, ngozi yote inatoka, anaona weupe, analehemu juu ya weupe. Amejenga ile nyumba ya Marekani ndani ya sabufa. Tumia msasa laini, namba 600 au 800, mkono mwepesi, ukiona rangi ya shaba simama hapo hapo.

Kuhusu waya bapa, maneno machache. James B. Lansing alishatumia waya bapa uliosimamishwa kwa ubavu kwenye koili ya inchi 4 ya spika yake D130 miaka ya 1940, kwa hiyo si uvumbuzi wa jana. Faida yake ni kujaza nafasi. Waya wa mviringo ukipangwa sawasawa hujaza karibu asilimia 78 ya nafasi, iliyobaki ni hewa na vanishi. Waya bapa hujaza zaidi ya hapo. Kwa mafundi wa kusuka kwa mkono, sahauni. Hausukwi mezani.

Jambo la tatu, foma. Kijana mmoja aje hapa mbele, tafadhali. Shika bomba hili la alumini, lisimamishe wima. Hii ni sumaku ndogo, inapita ndani ya bomba bila kugusa kuta. Nikiiachia hewani inaanguka... mmeisikia sakafuni. Sasa naiachia ndani ya bomba. Hesabuni. Moja. Mbili. Tatu. Imetoka. Alumini haivutwi na sumaku, sivyo? Imeshikwa na nini basi? Sumaku ikipita, umeme unazunguka ndani ya ukuta wa bomba, na umeme huo unajenga nguvu inayopinga mwendo. Ni breki isiyogusa. Sasa bomba hili la pili lina mpasuko toka juu hadi chini. Naiachia. Mmeona? Bado si kama hewani, lakini haraka zaidi. Mpasuko umeukata ule mzunguko.

Foma ya alumini ni bomba hilo hilo, ila unene wake ni milimita 0.1 au 0.2. Inapanda na kushuka mbele ya sumaku, na breki ipo. Ndiyo maana foma nzuri ya alumini ina mpasuko. Fundi asiyejua akiuona anadhani ni kasoro. Anaufunika kwa utepe wa foili, wenye kung'aa, kazi inapendeza. Amefunga pete. Besi inakuwa butu, foma yenyewe inapata joto, mteja anarudi akisema spika imechoka. Mpasuko ule usiufunge kwa kitu chochote kinachopitisha umeme. Na kati ya waya na foma ya alumini lazima pawe na tabaka ya kuzuia umeme, kwa sababu vanishi peke yake ikikwaruzika mahali pawili, mizunguko yote iliyo kati ya sehemu hizo imekufa.

Mbona basi tuitumie alumini ikiwa inaleta breki? Kwa sababu inabeba joto. Alumini hupitisha joto karibu mara elfu mbili kuliko Kapton, plastiki inayotengenezewa foma nyingine. Koili ndani ya mwanya inachemka, foma ya alumini inalichota joto kulipeleka juu, penye upepo. Kwa gari linalopiga muziki saa kumi na mbili kwa siku, hiyo ni faida kubwa, na breki kidogo kwenye besi si hasara unayoisikia. Lakini inalichota kulipeleka wapi? Juu, pale foma inapobandikwa kwenye koni na spaida. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye gundi.

Kapton ni plastiki ile ya rangi ya kaharabu. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, imekingwa na jua kwa tabaka tano za Kapton nyembamba. Haiyeyuki kama plastiki nyingine, inastahimili joto linaloua gundi nyingi, na haina breki hata chembe. Udhaifu wake ni kwamba ni laini na hailipeleki joto popote. Koili ikigonga chini, Kapton nyembamba inakunjika kama ncha ya karatasi ya daftari, na ikishakunjika hainyooki. Faibaglasi ni ngumu zaidi, haina breki, inastahimili joto, nayo kwa maoni yangu ndiyo chaguo bora kwa sabufa inayopigwa kwa nguvu ndani ya boksi lenye tundu. Karatasi ya aramidi, ile Nomex, ni nyepesi na ya bei nafuu, inafaa sabufa za wati mia mbili tatu. Karatasi ya kawaida tuwaachie redio.

Na kwetu huku pwani kuna adui ambaye vitabu vya bara havimtaji: chumvi. Sahani ya chuma ikipoteza kinga yake ya zinki, kutu inaota ndani ya mwanya. Kutu ni nene kuliko chuma ilichokila. Sabufa ya tuktuk iliyolala nje miaka miwili inaweza kuanza kukwaruza bila koili kuwa na kosa lolote. Ukifungua, usikimbilie kusuka koili mpya. Chunguza mwanya kwanza kwa tochi.

Jambo la nne, na hapa ndipo pesa zinapopotea: gundi na vanishi. Kikulacho ki nguoni mwako. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1,085, alumini kwenye 660. Umewahi kuona koili ambayo shaba imeyeyuka yote? Nadra mno. Kinachokufa kwanza ni vanishi na gundi. Vanishi huuzwa kwa madaraja: 155, 180, 200, 220. Hizo ni digrii ambazo inastahimili kwa muda mrefu. Ile ya 155, ya poliyuretani, mafundi wanaipenda kwa sababu inalehemika bila kukwanguliwa. Inafaa spika ndogo. Ya 200 na 220 lazima ikwanguliwe, inasumbua, na ndiyo inayofaa sabufa.

Gundi je? Gundi ya haraka ile ya kichupa kidogo inalegea kwenye digrii 80 hivi. Epoksi ya dakika tano, hivyo hivyo au chini zaidi. Kwenye ule mfano wa kupima kwa mita, koili ilifika digrii 150. Ukibandika koili ya digrii 150 kwa gundi ya digrii 80, umejenga nini? Tumia epoksi ya joto kali, isome kwenye kopo imeandikwa ngapi, na uiivishe kwenye oveni kwa joto na muda ule mtengenezaji aliouandika. Epoksi ya namna hiyo isipoivishwa kwa joto haifikii nguvu yake, hata ukiiacha juani siku tatu.

Sasa kisa cha matatu. Nganya ya abiria 33, gari la volti 24, betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo. Sabufa mbili za inchi 15. Koili zimeungua mara tatu ndani ya miezi sita. Mara ya kwanza wakaweka za Kapton. Zikaungua. Mara ya pili wakaweka za alumini. Zikadumu kidogo zaidi, kisha koili nzima ikachomoka kwenye koni, waya ukiwa bado na rangi yake nzuri. Mara ya tatu waya ukawa mweusi tena. Kila mara fundi anabadilisha kifaa. Kosa liko wapi?

Makosa yalikuwa mawili, na koili haikuwa mojawapo. Amplifaya ya volti 12 ilichukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo haichajiwi vya kutosha, mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Muziki ukipiga, volti zinashuka hadi 11. Amplifaya iliyotoa wati 1,000 kwenye volti 14.4 sasa inafika 580 tu, halafu kilele cha mawimbi kinakatwa. Makanga anaongeza. Wimbi lililokatwa likawa mraba kamili hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kilele kile kile. Kwa hiyo koili haipati 580, inapata kama 1,160, tena mfululizo bila kupumua. Na ile mara ya pili? Foma ya alumini ilifanya kazi yake vizuri, ikalipeleka joto juu, ikakuta epoksi ya dakika tano kwenye koni. Waya ulipona, gundi ikalegea. Dawa ilikuwa kibadilisha volti 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, na gundi ya joto. Koili yoyote kati ya zile mbili ingetosha.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua koili mpya, isome ile iliyokufa. Nyeusi kote kwa usawa: nguvu nyingi kwa muda mrefu. Nyeusi kwenye ncha, nzima katikati, kama hii niliyoishika: sehemu iliyo ndani ya mwanya ilipozwa na chuma, ncha zilizo nje hazikuwa na wa kuzipoza. Hii ilipewa moto bila mwendo. Angalia kama amplifaya inavujisha umeme wa moja kwa moja. Waya mzuri ila umelegea: gundi. Foma imepondeka chini: iligonga sahani ya nyuma, na hapo tafuta boksi lenye tundu lisilo na kichujio cha kukata mawimbi ya chini sana. Imekwaruzwa upande mmoja: haikuwekwa katikati. Na koili mbili kwenye sabufa moja, moja nyeusi moja nzima? Mtu aliunganisha moja tu, akaiachia ibebe mzigo wa mbili.

Kuchagua, basi. Gari la familia, boksi lililofungwa, wati 300: shaba ya mviringo tabaka nne, inchi 2 au 2 na nusu, Kapton au Nomex inatosha kabisa. Matatu ya kutwa nzima: inchi 3, shaba, foma ya alumini yenye mpasuko, vanishi ya 200 kwenda juu, nguzo ya sumaku yenye tundu la kupumulia. Tuktuk, ambayo umeme wake ni mdogo na kila wati ina thamani: alumini iliyovikwa shaba, tabaka mbili, koni nyepesi. Wale wa mashindano ya desibeli wanapiga sekunde chache wanazima. Wao watafute waya bapa na faibaglasi, na wasiwaige watu wa kutwa nzima, wala watu wa kutwa nzima wasiwaige wao.

Kwa wanaosuka wenyewe: pimeni koili ya zamani kabla ya kuitupa. Kipenyo cha ndani cha foma, urefu wa uliosukwa, idadi ya tabaka, unene wa waya bila vanishi. Urefu wa uliosukwa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Sahani ya milimita 10 na koili ya milimita 34 ina mwendo wa milimita 12 kila upande. Ukiifupisha hadi 26 kwa sababu waya uliisha, umebaki na 8. Tabaka ziwe shufwa, mbili au nne, ncha zote zitokee juu. Safisheni mwanya kwa utepe wa gundi uliokunjwa, upande wa gundi nje, mpaka utoke bila chembe ya chuma. Kati ya nguzo na foma wekeni vipande vinne vya filamu ya zamani ya eksirei, vikaze bila kulazimisha. Msivitoe mpaka gundi ya spaida na ya ukingo ikauke kabisa. Kisha sukumeni koni kwa vidole vya mikono yote miwili, polepole, sikio karibu. Ikinong'ona, fungua tena.

Chai iko tayari nje. Lakini kabla ya chai, kwenye meza ile ya nyuma kuna koili sita zilizoungua, zimeandikwa namba, bila maelezo. Kuna mita moja na kioo cha kukuzia. Zisomeni, muandike kila moja ilikufa kwa nini, na namba tano ikatishwe ncha ya waya muione ndani ni nyeupe au nyekundu kabla hamjabishana.